Kitabu Kilichotaka Sauti

Mtoto alipouliza, "Susu, huyu anti ataenda kwao lini?" Wavinya alikuwa ameinama kwenye jiko akipuliza moto, na alishukuru moshi. Moshi humruhusu mtu kutoa machozi bila kuulizwa.

"Hapa ndipo kwao," Susu Kaluki akamjibu mjukuu wake. "Huyu ni mama yako, Ndinda. Nikuambie mara ngapi?"

"Mama ni wa kwa simu."

"Ndiye huyo. Ametoka kwa simu."

Ndinda alimtazama Wavinya kuanzia kichwani mpaka miguuni, akimlinganisha na yule mama mdogo wa kwenye kioo, mwenye kitambaa cheusi na sauti ya kukatika-katika. Kisha akaingia nyuma ya leso ya nyanya yake, likabaki jicho moja tu.

Nje ukungu ulikuwa bado haujaamua. Mwezi wa Januari huko juu ya Tawa, mvua ikiwa imekubali, ukungu hutoka kwenye mbaazi ukaingia kwenye mahindi, na mtu akisimama mlangoni huona mti, halafu hauoni, halafu anauona tena kama umesogea karibu. Wavinya alikuwa amerudi kutoka Uarabuni kabla ya Krismasi, na bado asubuhi nyingine aliamka bila kujua yuko nyumba gani. Alinyoosha mkono kutafuta swichi ya taa, mkono ukagusa tofali, ndipo akakumbuka kwamba amefika. Lakini kufika kwa mwili ni jambo moja. Kufika machoni pa mtoto ni safari nyingine, na hiyo haina ndege.

Alikuwa amepata kazi ya kupika katika hoteli ya barabarani pale Salama, mahali malori hupumzika, na chumba nyuma ya hoteli hiyo, na nafasi ya Ndinda katika shule ya chekechea iliyo karibu. Wenye hoteli walisema wanamngoja shule zikifunguliwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mtoto mwenyewe.

"Sikukatazi," Kaluki alikuwa amemwambia, wakichagua mawe katika pojo. "Wewe ndiye ulimzaa. Lakini ile siku ulipoenda, huyu mtoto alilia mpaka akashikwa na homa. Nilikaa naye hapa, baba yake amezikwa pale, wewe uko angani. Nikamwambia Mungu, Bwana, hiki kilio sitaki kukisikia tena katika boma langu. Kwa hivyo, mama Ndinda, sikiza. Akienda nawe bila kulia, nenda naye na baraka zangu. Akilia, utamwacha. Utakuja ukimwona."

"Ndiyo, mwaitu," Wavinya akasema, maana mama mkwe huitwa mama, na mama hajibizwi.

Mzee Kisilu, baba mkwe, alikuwa ameketi upande wa pili wa uwanja kwenye kiti chake cha miguu mitatu, akitazama ua wa boma. Tangu walipomzika Musembi, mwanawe, alikuwa mtu wa kutazama ua.

Wavinya alijua maana ya "utakuja ukimwona." Maana yake ni kuwa anti maisha yote.

*

Jambo moja alilolijua vizuri lilikuwa kusomea mtoto kitabu. Hakulijifunza kwa mwanawe. Kule alikofanya kazi kulikuwa na kijana mdogo wa mwenye nyumba, na mama yake alitaka azoee Kiingereza, kwa hivyo kila jioni Wavinya alilala naye kwenye zulia, dari imebandikwa nyota za karatasi zinazong'aa, akamsomea vitabu vya picha mpaka macho yake yakafumba. Alijifunza kuongea kama mfalme na kunong'ona kama panya. Alipoondoka, yule mtoto wa watu alimshika shingo, ikabidi watenganishwe kwa nguvu. Ndani ya ndege aliliwaza hilo mpaka likawa kama ndoto ya mtu mwingine: kwamba mapenzi alikuwa nayo, ila aliyapeleka kwa anwani isiyo yake.

Ndiyo sababu, siku ya soko Tawa, alipita viatu, akapita nyanya, akaenda moja kwa moja kwa Kinyanjui.

Kinyanjui alikuwa mfanyabiashara kutoka Malili, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliuza vitabu vya mitumba, vilivyokuja katika marobota kutoka ng'ambo kama vile nguo zinavyokuja. Alivimwaga juu ya turubai, na watu wengi walikuja kutafuta vya shule, wakivirusha vile vya watoto kando. Wavinya alipiga magoti kando hiyo hiyo. Kaluki alisimama nyuma yake, Ndinda mkononi.

Wavinya hakuangalia jalada. Alifungua kitabu katikati, akakiweka mbali kidogo, umbali wa macho ya mtoto aliyepakatwa, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Midomo ilipojikwaa, alikirudisha. Maneno yalipokuwa mengi kuliko picha, alikirudisha. Alitafuta kitabu chenye sentensi inayorudi, kama kiitikio cha wimbo, ili mtoto aijue kabla haijafika. Alitafuta ukurasa wa mwisho mahali mtu analala.

"Mathe," Kinyanjui akasema, "watu hupima viazi. Wewe unapima vitabu?"

"Kitabu cha mtoto hakionekani kwa macho. Ni mpaka ukiweke mdomoni."

"Sawa, lakini usinimalizie. Ukivisoma vyote hapa utanunua nini?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Wavinya naye akatabasamu kidogo, akaendelea. Mwisho akachagua kimoja cha sungura, karatasi nzito, rangi ya bluu tulivu kama jioni, na kingine cha gari la moshi. Vilikuwa vizuri. Vingekuwa vizuri popote duniani.

Alipogeuka, Ndinda alikuwa ameketi kwenye turubai na kitabu kifuani. Jalada lilikuwa limechanika nusu. Juu ya ile nusu iliyobaki palikuwa na kichwa cha punda, masikio yamelala, mdomo wazi.

"Hebu nione," Wavinya akasema kwa upole. Akakifungua kikiwa bado mikononi mwa mtoto. Punda huyo huyo kila ukurasa, amekataa kupanda mlima, na kila mara mnyama mwingine amekuja kumsihi. Lakini maneno yalikuwa ya lugha asiyoijua, herufi nyingine zikiwa na vidoti kichwani. Si Kiingereza, si Kiarabu alichokizoea kuona kwenye pakiti za mchele.

"Hiki hakisomeki, mpenzi. Hata mimi sijui kinasema nini. Chukua hiki cha sungura."

Akakivuta. Ndinda akakivuta pia. Na mtoto akaachilia kilio ambacho kilinyamazisha hata wauza kuku.

"We mama!" mwanamke mmoja aliyeuza ndizi akafoka. "Rudishia mtoto wa wenyewe kitabu chake! Huoni aibu?"

"Ni wangu," Wavinya akasema.

"Kitabu ama mtoto?"

Ndinda alikuwa amejirusha kwa nyanya yake, ameficha uso, na mtu yeyote mwenye macho angeona mtoto ni wa nani. Wavinya aliachilia kitabu. Kaluki akafungua pindo la leso, mahali anapofunga pesa za mayai, akamlipa Kinyanjui.

"Hicho hata ningekupa bure, shosho," Kinyanjui akasema, amelainika. "Hakuna mtu Makueni nzima anakijua."

"Punda namjua," Kaluki akajibu.

*

Jioni hiyo Wavinya alitandika mkeka karibu na dirisha, mwanga ukiwa bado wa asali, akafungua kitabu cha sungura. Alisoma kwa Kikamba, akigeuza Kiingereza mdomoni kabla hakijatoka. Sauti yake ilikuwa ile ya kwenye zulia la Uarabuni, ya chini, yenye usingizi ndani yake. Ndinda alikuja nusu, akasimama mkono mmoja kwenye mlango.

"Sungura akatoka nje. Nje kote kulikuwa kweupe."

"Ni nini hiyo nyeupe?"

Wavinya akasogeza kitabu upande wake. Ameuliza. "Ni theluji. Ni kama mvua, lakini…"

"Ni unga," Ndinda akasema, na uso wake ukaingia wasiwasi. "Unga umemwagika wote. Nani atachapwa?"

"Hakuna atakayechapwa. Si unga, ni baridi iliyoganda."

"Ni yeye alimwaga," mtoto akasema akimwonyesha sungura kidole, na hakutaka kuendelea kuona, maana katika nyumba hii unga haukuwa kitu cha kumwagwa. Akatoka. Kitabu cha gari la moshi hakikufika hata ukurasa wa pili.

Kutoka uwanjani Wavinya alisikia sauti nyingine. Kaluki, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa ameketi chini karibu na kiti cha mzee, kitabu kilichochanika kwenye magoti. Ndinda ameegemea miguu ya babu yake. "Punda," Kaluki alisema, akafungua ukurasa. "Punda tena. Punda na jogoo. Punda na mbuzi." Alikuwa anasoma kama mtu anayehesabu mifugo wakiingia zizini, na mtoto alikuwa amekodoa macho, akingojea kitu kisichokuja.

"Susu, wapi sauti?"

"Sauti gani? Nimesema punda."

"Sauti yake."

"Mimi ni mama wa kanisa," Kaluki akasema. "Siwezi kulia kama punda."

*

Kesho yake Wavinya aliomba ruhusa ya kujaribu hicho kitabu.

"Utakisoma vipi na ulisema hukijui?" Kaluki akauliza. Alikuwa anapepeta mahindi, na ungo haukusimama. "Utasema maneno yako halafu useme ndivyo ilivyoandikwa? Maandishi hayasingiziwi, mama Ndinda. Mtu huanza na kitabu cha mtoto, anamalizia na Biblia."

"Sitasema yameandikwa, mwaitu. Nitasema picha."

Ungo ukasimama. Kaluki akalipima hilo. "Basi sema picha."

Mtoto alikubali kwa sharti lake mwenyewe, ambalo hakulisema ila alilionyesha. Alienda akaketi mahali pake, mgongo kwenye miguu ya babu, akangoja. Wavinya alisimama na kitabu mkononi, akashindwa kusogea.

Aliyezaliwa Ukambani hahitaji kuelezwa. Kuna heshima kati ya mwanamume na mke wa mwanawe, ile tunayoiita nthoni. Mke wa mwana haketi anapoketi baba mkwe. Hampi chakula mkono kwa mkono. Hacheki meno nje mbele yake, na yeye mzee hamtazami usoni wala hafanyi mzaha naye. Vijana wa mjini wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na pengine ni kweli kule waliko. Katika boma la Mzee Kisilu yalikuwa hai, na Wavinya aliyashika, kwa sababu tangu Musembi afe hayo ndiyo yaliyokuwa yanamwambia kila siku kwamba bado yeye ni mke wa hapa.

Akaketi mbali, nusu amegeuka, akasoma kwa kunong'ona. Punda amefika chini ya mlima. Punda amekataa. Jogoo amekuja, akamwambia, twende ndugu yangu. Punda akasema…

"Punda akasema nini?" Ndinda akauliza.

"Akasema hapana," Wavinya akanong'ona.

"Punda hasemi hivyo."

Na hapo hapakuwa na kumdanganya, kwa sababu punda mwenyewe alikuwa zizini nyuma ya jikoni, yule wa kubeba maji, na mtoto alimjua vizuri kuliko alivyomjua mama yake. Mzee Kisilu alitazama ua. Sikio moja tu ndilo lililokuwa upande wao.

Wavinya alifikiri kumpeleka mtoto mahali pengine. Akamwambia, "Twende mtoni, kule kwenye mchanga, nikusomee na sauti yote." Ndinda alimfuata vizuri mpaka langoni. Hapo akashika mti wa ua kwa mikono miwili. Hakulia. Alishika tu, na macho yake yakawa yanasema kwamba dunia inaishia hapo. Wavinya alichuchumaa mbele yake, kitabu katikati yao, ukungu ukiwapita kama watu wa harusi nyingine. Kama hawezi kupita lango hili kwenda mtoni, atafikaje Salama?

Ilikuwa wazi basi. Mtoto hatoki bomani naye, na bomani yuko mzee. Kitabu kilitaka sauti, na sauti ilitaka aibu.

Usiku aliomba. Hakuomba maneno mengi. Alisema, Bwana, wewe ulifungua kinywa cha punda wa Balaamu, na hapakuwa na aliyemcheka. Kisha akalala, akaota amelala kwenye zulia chini ya nyota za karatasi, na aliyemlalia mkononi alikuwa Ndinda, lakini kila alipofungua mdomo kusoma, mdomo ulitoa ukungu.

*

Jumapili baada ya kanisa, Roselyne, mwenyekiti wa akina mama, alikuja kunywa chai. Mvua nyepesi ilianza, kwa hivyo wote waliingia ndani: mzee karibu na mlango, wanawake upande wa meza, Ndinda sakafuni na kitabu chake.

"Kwa hivyo Jumatatu ile ya pili, si kesho, unaenda Salama," Roselyne akasema, akipuliza chai. "Na huyu?"

Roselyne akamgeukia mtoto.

"Ndinda, njoo nikuulize. Utaenda na mama?"

"Mama nani?"

Roselyne akacheka, kicheko cha mtu aliyepata habari ya kubeba. "Hii pesa ya Uarabuni hununua mabati na viti, lakini mtoto hainunui. Nilimwambia hata msichana wangu. Ukirudi utapata umeitwa mgeni kwako."

"Roselyne," Kaluki akasema taratibu, "kunywa chai."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila mtu aliliona likiwa limekaa pale mezani. Wavinya aliweka kikombe. Hakukasirika. Kilichomjia ni utulivu wa ajabu, kama ule wa mtu aliye ndani ya maji na sauti zote zimekuwa mbali. Aliona mvua kwenye dirisha. Aliona kisigino cha mtoto, kimepasuka kidogo, kisigino cha Musembi kabisa. Akashuka kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni, katikati ya chumba, mbele ya baba mkwe, akafungua kitabu.

"Punda amefika chini ya mlima," akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima. "Amechoka. Amebebeshwa mitungi. Jogoo akaja. Akamwambia, ndugu yangu, panda, jua linazama. Na punda akamjibu…"

Ndinda aliinua kichwa.

Wavinya alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, kama pampu ya kisima inavyovuta hewa kabla ya maji, na akalia. Alilia kama punda wa kweli, wa kupanda na kushuka, na ule mwisho mbaya unaovunjika-vunjika. Chai ya Roselyne ilimwagika kwenye sahani. Kuku mmoja alitoka chini ya meza mbio.

Mvua ikasikika kwenye bati, tone moja moja.

Mzee Kisilu aliinuka. Hakumtazama mtu. Alichukua kiti chake cha miguu mitatu, akainama mlangoni, akatoka kwenye mvua.

"Haki ya Mungu," Roselyne akanong'ona, mkono mdomoni.

"Umemtoa mzee nyumbani kwake," Kaluki akasema. "Na mvua inanyesha."

Wavinya alitazama mlango uliobaki wazi. Alijua amevunja kitu ambacho hakishonwi. Alikuwa anatafuta jinsi ya kuinuka, kitabu kikaguswa. Ndinda alikuwa amesogea kwa makalio, pole pole, mpaka goti lake likagusa goti la Wavinya.

"Tena," akasema.

"Mtoto, nyamaza," Kaluki akasema, na akatoka nje kumfuata mume wake.

Alimtafuta langoni, hakumwona. Alimkuta nyuma ya jikoni, chini ya ukingo wa bati, paji la uso limeegemea ukuta, mabega yakitikisika. Kaluki akashika kifua. Alikuwa ameyaona mabega hayo yakitikisika hivyo mara moja tu, kwenye kaburi la Musembi. "Baba Musembi," akaita. Mzee akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na mkono umeuziba mdomo kwa nguvu. Ilimchukua Kaluki muda kuelewa kwamba mume wake anacheka.

"Nimetoka," mzee akasema alipopata pumzi, "kwa sababu siwezi kucheka mbele ya mke wa mwanangu. Umeusikia ule mwisho? Ni huyu wetu kabisa. Ni huyu akiona mzigo." Na kicheko kikamshika tena, kicheko cha kutu, cha mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Kaluki alisimama kwenye mvua akimtazama. Akatamani kumkemea, na akatamani asimame hapo mpaka giza liingie.

Aliporudi ndani, Wavinya alikuwa bado sakafuni, uso umeinama kungoja hukumu. Kaluki alipangusa miguu, akaketi, akachukua chai yake.

"Mzee anasema nje ni kuzuri," akasema. "Endelea kusoma."

*

Wakaendelea siku zilizobaki. Kila alasiri mzee aliinuka bila kuulizwa, akasema na hewa, "Wacha niangalie huyu punda," akachukua kiti chake akaenda nyuma ya jikoni, mahali ambapo kila neno lilisikika. Mtoto alihama kutoka sakafuni akaja gotini, kutoka gotini akaja mapajani. Hakumwita mama. Alimwita "wewe." "Wewe, fungua pale pa mbwa." Wavinya aliona "wewe" ni neno tamu kuliko anti, akaliweka moyoni.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa mzito. Mwenye bodaboda alikuwa langoni, pikipiki ikinguruma taratibu, na mzee mwenyewe ndiye aliyefunga begi nyuma kwa kamba, akilijaribu na kulijaribu tena. Ndinda alikuwa amevaa sweta mpya. Alitembea na Wavinya mkono kwa mkono kupita kuku, kupita ua, kupita ule mti alioushika. Akapandishwa. Akatazama nyuma, akamwona nyanya yake amesimama, hajavaa viatu vya safari, hana mkoba.

"Susu haendi?"

Hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti. Watu wazima watatu walikuwa wamesema mambo yote mengine.

Akalia. Kilikuwa kile kile kilio, kile cha homa. Alimnyooshea Kaluki mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshika kola ya Wavinya na haukuachilia.

Wavinya alifunga macho. Kisha akashuka kwenye pikipiki, akamteremsha mtoto, akamweka chini polepole mbele ya mama mkwe, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Tulikubaliana, mwaitu," akasema. "Amelia."

Kaluki alimtazama mtoto. Akautazama ule mkono uliokuwa bado kwenye kola, umemfanya Wavinya abaki ameinama.

"Mimi nililetwa hapa kuolewa kutoka ng'ambo ya mto Kaiti," akasema. "Si mbali, hata moshi wa kwetu nilikuwa nauona. Nikalia njia nzima. Mama yangu angengoja ninyamaze, ningekuwa kwao mpaka leo." Akapandisha leso begani, akaivuta sana, kama inateleza. "Mtoto anayeacha nyumbani bila kulia, huyo ndiye wa kuogopa. Mchukue. Nilimwomba Mungu kitu cha kijinga."

"Mwaitu…"

"Nimesema mchukue, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mzee."

Wakapanda. Mzee Kisilu alimwekea mjukuu wake mkono kichwani, akasema kwa ule utani wa babu na mjukuu, "Mke wangu, huko wafundishe watu adabu," kisha akageuka haraka, akaenda kushughulika na ua ambao haukuwa na shida yoyote.

Pikipiki ikashuka. Ukungu uliwameza mara moja, kwa hivyo Kaluki alibaki na sauti tu. Alikisikia kilio kikipita kwa jirani, kikashuka kwenye mbaazi, kikazunguka mahali pa mwamba. Alikifuata kwa masikio, shingo imeinama, na kila kilipofifia alipiga hatua moja mbele. Hata asingeweza kusema kama anaomba kinyamaze au kiendelee.

Kwenye kona ya daraja kikakatika.

Kaluki akangoja. Alifikiri ni upepo umekigeuza. Alifikiri ni mteremko. Lakini pikipiki bado ilisikika; ni mtoto aliyenyamaza. Akasimama na kinywa wazi kidogo, ili asikie vizuri, mpaka ngurumo ya pikipiki yenyewe ikaisha na pakabaki ukungu ukidondoka kwenye majani.

"Asante, Bwana," akasema. Aliisema polepole, kama mtu anayemeza dawa, akaenda kumlisha punda.